Watoto Niliowarudisha Nyumbani kwa Sababu ya Chawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa penseli mbili na daftari. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi huko magharibi, sare yangu bado ina mikunjo ya sanduku, na nilidhani nitapelekwa wodini. Nesi Msimamizi, mama mnene wa sauti ya chini ambaye hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina, aliisoma barua yangu akiwa amesimama, kisha akaniambia, "Wewe unaenda afya ya shule. Hizo penseli si za kuandikia. Ni za kugawa nywele."

Asubuhi hiyohiyo tulikwenda kwa miguu mpaka shule moja ya msingi pembeni mwa mji wa Eldoret. Watoto walikuwa wamepangwa kwenye nyasi, darasa kwa darasa, soksi zimelowa umande. Kazi yenyewe iliitwa ukaguzi wa vichwa. Unamgeuza mtoto mpaka jua limpige kisogoni, unasimama nyuma yake, unagawa nywele kwa ncha za penseli. Unaanza nyuma ya masikio halafu unashuka shingoni, kwa maana huko ndiko kwenye joto na ndiko chawa hutaga. Chawa mwenyewe hupatikana kwa bahati, maana akiona mwanga anakimbia. Unachotafuta ni mayai yake, vipunje vyeupe vilivyogandishwa kwenye unywele karibu na ngozi. Mgeni wa kazi huchanganya mayai hayo na mba. Nesi Msimamizi alinifundisha kwa kupuliza. "Mba ukipuliza inaruka," alisema. "Yai halitoki hata ukivuta kwa kucha."

Aliyepatikana na chawa alitolewa mstarini akasimamishwa kwenye mlingoti wa bendera. Siku ile walikuwa kumi na mmoja, wengi wao wasichana. Nilimwona mmoja akivuta sweta mpaka ikafunika mdomo. Wenzake walikuwa wanacheka kimyakimya, kile kicheko cha mabega tu.

Nikamwambia Nesi Msimamizi labda tungewaita mmoja mmoja ofisini. Hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyevaa viatu vibaya kwa safari ndefu. "Sista," akasema, "aibu nayo ni dawa. Mzazi akiona aibu ataosha mtoto."

Kisha kila mtoto akapewa barua. Ilikuwa imepigwa chapa na kunakiliwa kwa wino wa zambarau: Mtoto wako amepatikana na chawa. Asirudi shuleni mpaka awe safi. Kazi yangu ilikuwa kujaza jina na kutia sahihi. Nilijaza majina kumi na moja na watoto wakaenda zao saa nne asubuhi, mikoba mgongoni.

Nataka ninyi mnaoanza kazi hii leo muelewe kwamba hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa na sheria na tulikuwa na upungufu. Dawa tuliyokuwa nayo ilikuwa losheni nyeupe kama maziwa, ileile ya upele, inayowasha mpaka mtoto analia. Ikifika leo, kesho kutwa imeisha. Ikiisha kilichobaki mkononi ni barua. Nilitia sahihi barua hizo miaka mingi na sikumbuki kama niliwahi kufuata mtoto hata mmoja nyumbani kwake kuona inasomwaje.

Baada ya Eldoret nilihamishiwa upande wa Moi's Bridge, kwenye mashamba makubwa ya mahindi. Watoto wengi huko walikuwa wa vibarua waliotoka magharibi kama mimi, wanaolala wanne kitanda kimoja, blanketi moja. Chawa wa kichwani haruki wala hapai. Anatembea tu, kutoka kichwa hadi kichwa kinachokigusa. Kwa hiyo penye watoto wanaolala vichwa vimegusana, chawa hana haja ya haraka.

Ni huko nilipoona mara ya kwanza watu wanavyofanya wakishapata ile barua. Nilitibu mtoto aliyepakwa mafuta ya taa, ngozi ya kichwa imetoka malengelenge. Mama yake aliniambia jirani alimwonya asikae karibu na jiko, kwa hiyo alikuwa amemweka nje kwenye baridi kutwa nzima. Na katika shule moja ya bweni, Mwalimu Mkuu alichoka na barua zangu akaamua wasichana wote wanyolewe siku moja, kwa mashine moja, bila kuiosha. Chawa waliisha. Baada ya wiki chache karibu bweni lote lilikuwa na mashilingi, zile duara za ukungu wa ngozi, na mashilingi hayaondoki kwa kunyoa. Nilipomweleza, Mwalimu Mkuu aliniuliza, "Sista, wewe ulisema wawe safi. Kuna usafi gani kupita kipara?"

Ningeacha kazi hapo, ningeondoka na kumbukumbu za kawaida. Lakini nilipandishwa cheo nikapewa zahanati yangu mwenyewe, ndogo, kwenye kijiji chenye soko kiitwacho Ziwa. Yaliyotokea huko ndiyo yamenifanya niandike. Majina nimebadilisha.

Jerop alikuwa darasa la tatu. Mama yake alikuwa mfugaji wa ng'ombe wachache wa maziwa. Baba alikuwa dereva wa lori, anakuja nyumbani mara mojamoja tu. Mtoto huyu alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, nzito, na mama yake alimsuka mistari kila Jumamosi kwa ajili ya kanisa. Sare yake ilikuwa imetiwa viraka kwa uzi wa rangi ileile ya kitambaa, kazi ya mikono yenye subira. Nasema hivi kwa sababu bado mtasikia watu wakisema chawa ni wa wachafu. Chawa anataka damu na joto. Kichwa kilichooshwa asubuhi kina vyote viwili.

Nilimpata na chawa kwenye ukaguzi wa mwanzo wa muhula. Nikamwandikia barua. Baada ya siku tatu mama akamleta zahanati, amefumuliwa mistari, kichwa kinanuka sabuni ya mche.

"Sista, nimeosha mpaka maji ikaisha kwa tangi," akasema. "Nipatie dawa."

"Losheni imeisha, mama. Nenda duka la dawa Eldoret."

Alitingisha kichwa kukubali. Hakuniambia kwamba kwenda Eldoret kungemtoa kutwa nzima, na ng'ombe wanakamuliwa na yeye peke yake. Mimi sikuuliza. Nilimpa karatasi ya kumrudisha mtoto shule kwa sababu sikuona chawa akitembea. Mayai niliyaona, lakini niliyapuuza, foleni ilikuwa ndefu. Hapo ndipo kosa la kitaalamu lilipo, na nilieleze. Maji na sabuni haviui yai. Yai hukaa kama wiki moja kisha linaangua. Kama hukumtibu tena au hukumchana mayai yale, mtoto uliyemwita safi leo atakuwa na chawa wapya kabla ya wiki mbili.

Ikawa hivyo. Kwenye ukaguzi uliofuata Jerop alitolewa mstarini tena. Alijua kabla sijagusa nywele. Nilihisi shingo yake imekakamaa chini ya vidole vyangu. Darasani walikuwa wameshampa jina. Walimwita Chawa, tu, kama vile ndilo alilobatizwa. Nilijaza barua, na chini yake nikaongeza kwa mkono wangu: Hii ni mara ya pili.

Siku ya nne baada ya barua hiyo, karibu saa sita mchana, pikipiki ilisimama mbele ya zahanati. Mama alikuwa nyuma ya dereva amempakata mtoto. Kichwa cha Jerop kilikuwa kimefungwa karatasi ya nailoni na juu yake kitambaa. Kabla sijauliza chochote nilisikia harufu. Yeyote aliyekulia kwenye ng'ombe anaijua ile harufu. Ni ya dawa ya kupe.

"Nilimpaka ile ya ng'ombe," mama akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Inaua kupe mara moja. Nikasema chawa ni kadogo, itakufa pia. Nikafunga na nailoni ndio ishike. Asubuhi akaniambia anaona giza."

Nitaeleza dalili kwa sababu mtaziona, nanyi mzijue. Mate yalikuwa yanamtoka bila kikomo. Jasho lilikuwa limelowesha nguo. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa zikawa kama ncha ya sindano, na misuli ya mashavu na mapaja ilikuwa inarukaruka yenyewe chini ya ngozi. Kifuani alikuwa anakoroma kwa maji. Dawa nyingi za kupe na za kunyunyizia mimea hufanya kazi moja, zinavuruga mishipa ya fahamu, na ngozi ya kichwa cha mtoto inazinywa kama mchanga unavyokunywa maji, hasa ukifunika.

Nilitoa nailoni. Nilikata nywele zote kwa makasi ya bandeji, haraka, bila kupendeza, nikamwosha kichwa kwa sabuni mara tatu huku mhudumu akimvua nguo. Zile nywele zilianguka kwenye beseni, nzito, bado zina alama ya mistari. Kwenye kabati kulikuwa na atropini, dawa inayokausha ule ute wa kifuani na kurudisha mapigo ya moyo. Vilikuwa vichupa vitatu. Nilitumia vyote vitatu na nikaona mate yanapungua, na kwa muda mfupi niliamini atapona.

Mtu wa kubeba maziwa alikuwa na pikapu yake pale sokoni, akakubali kutupeleka Eldoret. Hapo nilifanya jambo ambalo kila kitabu cha kazi yetu kinaagiza. Nilimwambia mama, "Rudi nyumbani ulete chupa ya hiyo dawa. Daktari lazima ajue ni sumu gani. Utupate hospitali."

"Si niende na yeye, Sista?"

"Ukileta chupa ndio umemsaidia."

Akatii. Alishuka barabara akikimbia, kitenge amekishika kwa mkono. Mimi nikaingia kwenye pikapu na mtoto.

Jerop alifariki kabla ya jioni, muda mfupi baada ya kufikishwa, watu wengi wakimshughulikia kwa bidii na kwa ujuzi. Mama yake alifika na chupa imefungwa kwenye gazeti. Alikuta nimesimama kwenye korido. Alinitazama usoni, akaelewa. Alininyooshea ile chupa hata hivyo, kama mtu anayemaliza kazi aliyotumwa, nami nikaipokea.

Wiki hiyohiyo Afisa wa Afya, mkubwa wetu wa wakati ule, alinikalisha mbele ya meza yake na karatasi ya ripoti. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda mambo yaishe. "Andika kwa ufupi," aliniambia. "Sumu ya nyumbani. Uzembe wa mzazi."

"Na barua yangu, mkubwa? Na losheni iliyoisha?"

"Barua haikuua mtu. Ukianza kuandika losheni iliisha, wataniuliza mimi, nami nitakuuliza wewe kwa nini hukuagiza mapema. Unataka twende huko?"

Sikutaka twende huko. Nilikuwa na watoto wawili sekondari na nyumba ya serikali. Nikaandika uzembe wa mzazi, nikatia sahihi. Polisi waliitumia karatasi ile. Mama Jerop aliwekwa ndani siku mbili, kisha akaachiliwa azike. Kwenye mazishi nilisimama nyuma karibu na ua. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenisalimia.

Ilipita miezi kadhaa kabla hajaja zahanati, na hakuja kwa ajili yangu. Alimleta kitinda mimba wake kwa chanjo. Nilimchoma mtoto, nikaandika kadi, kisha nikamwomba abaki kidogo wenzake walipotoka.

"Mama Jerop, ile ripoti ni mimi niliandika."

"Najua. Walinisomea kule ndani."

"Haikuwa ya haki."

Alimfunga mtoto mgongoni, taratibu, akakaza fundo. "Mimi najua chenye nilifanya na mkono yangu," akasema. "Hakuna siku sijui. Wewe je?"

Aliondoka. Siku hiyo nilifunga zahanati mapema kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi.

Niliandika barua kwa Afisa wa Afya kuomba ripoti irekebishwe. Nilieleza tarehe losheni ilipoisha, mayai niliyoyaona nikayaacha, na maneno niliyoongeza kwa mkono. Alinijibu kwa mdomo, tulipokutana kwenye mkutano. "Sista, faili imefungwa." Niliandika tena kwa aliyemfuata. Huyo hakujibu kabisa. Nakala ninazo mpaka leo.

Kile nilichoweza kubadilisha kilikuwa ndani ya eneo langu tu. Sikumrudisha mtoto mwingine nyumbani. Mwalimu Mkuu wa shule aliyosoma Jerop alinijia zahanati, uso umekunjamana.

"Unataka chawa wakae darasani kwangu?"

"Mwalimu, siku ninapomwona nao, amekuwa nao kama mwezi. Mmekaa naye mwezi mzima. Akikaa mpaka saa tisa leo haiongezi kitu. Atibiwe jioni, kesho aje."

"Na wengine wakipata?"

"Wawili wasivae kofia moja, wasilalie begi moja, wasichanane. Na mnyamaze. Jina la mtoto lisitajwe mstarini."

Alikubali shingo upande. Nilianza siku ya kuchana, kila Jumanne alasiri, kwenye veranda. Niliomba vichana vya chuma vyenye meno yaliyobanana sana, na nikawafundisha akina mama njia isiyohitaji dawa yoyote. Unalowesha nywele, unapaka mafuta ya kula au ya nywele kwa wingi ili chawa asikimbie na kichana kiteleze, unagawa nywele vifungu vidogo, unachana kutoka ngozini mpaka ncha, unafuta kichana kwenye kitambaa cheupe kila mara. Unarudia kila siku ya tatu au ya nne kwa wiki mbili, maana mayai yanaendelea kuangua. Watu wote wa nyumbani wanakaguliwa siku moja. Foronya na vitambaa vya kichwa vinalowekwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Chawa aliyetoka kichwani hamalizi siku mbili. Losheni ikiwapo, inatumika ile ya vichwa vya watu, kwa kipimo chake, na kurudiwa baada ya wiki moja. Ya mifugo inabaki kwa mifugo.

Ni kazi ya kuchosha. Mama mmoja aliniambia afadhali kuvuna mahindi ekari nzima. Lakini walikuja.

Nilimwomba Mama Jerop aje azungumze na wenzake. Nilidhani ningekuwa nampa kitu. Alikataa bila hasira. "Usinifanye hadithi, Sista." Huyo mdogo wake Jerop alipoanza shule, nilimkagua kila muhula mpaka alipomaliza darasa la nane. Hakuwahi kuwa na chawa. Alikuwa ananyolewa kila Jumamosi mpaka ngozi, na sikupata kuona nywele zake zinafanana na za nani.

Nilistaafu nikiwa nimemaliza miaka yangu yote. Walinifanyia sherehe kwenye ukumbi mjini, wakanipa saa ya ukutani, na msemaji mmoja akasema sikuwahi kuwa na doa. Siku hizi naishi Eldoret, nafuga kuku, na manesi vijana hunipigia simu. Huniuliza mambo ya dozi. Nawajibu, kisha nawauliza mimi: huyo mama uliyemwagiza dawa, umemuuliza ataipataje? Wengine hawakuuliza. Siwalaumu, nami sikuuliza kabla yao. Katika kazi yetu kuna maneno tunayoandika tukiwa na haraka, sentensi mbili za kawaida kabisa, na mtu anazibeba mpaka nyumbani akiwa peke yake nazo, jioni, akiangalia kuna nini kwenye rafu.

Wiki ya kustaafu nilipanda kwenda Ziwa kuaga. Nilimkuta Mama Jerop nyuma ya nyumba anaosha ndoo za kukamulia. Amezeeka kuliko mimi ingawa mimi ndiye mkubwa. Alinipa kiti, akaendelea kuosha. Tulizungumza mvua, tukazungumza bei ya maziwa iliyoshuka. Nilipokuwa nainuka akasema, bila kunitazama:

"Kwa ile gari ya maziwa ulikuwa na yeye."

"Nilikuwa naye."

"Aliongea?"

Miaka yote ile hakuniuliza, nami nilishukuru kwamba haulizi. Nilikaa tena.

"Aliongea mara moja. Tulikuwa tumepita yale mashamba ya ngano. Aliuliza kama chawa zimeisha, kama kesho atarudi shule."

Mama Jerop aliigeuza ndoo, akamwaga maji, akaisimamisha juani.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia zimeisha zote. Nikamwambia kesho atarudi."

Alibaki pale, mikono imelowa, akitazama ng'ombe waliokuwa wanakuja langoni wenyewe kwa kuwa saa yao ilikuwa imefika.

"Ulifanya vizuri kumwambia hivyo," akasema. Kisha akachukua ndoo na kwenda kukamua, nami nikatafuta pikipiki ya kunirudisha barabarani.